Pipa la Kijani Kwenye Mawe ya Kuhe

Mimi ni mtu wa kushuku, na sikufundishwa na serikali. Mtu akinisalimu mara mbili asubuhi moja, najiuliza salamu ya pili ni ya nini. Jirani akiniletea sahani ya sombe, majani ya muhogo, bila sababu, naila huku natafuta sababu. Mama yangu alikuwa hivyo, na nadhani mama yake pia, ila wao waliishi nyakati ambazo tabia hiyo iliwagombanisha na majirani tu, basi. Mimi niliolewa mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, katika miaka ya Chama kimoja, wakati wa Zaïre, na ilikuwa kana kwamba mji mzima umeamua kuwa mimi. Milimani nyuma yetu walikuwako watu wenye bunduki ambao hatukuwataja hata jikoni. Ng'ambo ya ziwa ilikuwako Tanzania. Sisi tulikuwa katikati, na kila gunia lililoshushwa ufukweni lilikuwa na mtu wa kuuliza linakwenda wapi na kwa nani.

Mume wangu hakuwa hivyo. Aliamini watu, jambo ambalo lilinichosha sana. Ujanani aliwahi kufanya kazi ya ubaharia kwenye bandari ya Kalemie, na aliporudi kwao akachonga mtumbwi mkubwa wa mbao, akaufunga moteri ndogo, akawa ananunua samaki kwa wavuvi wa pwani ya kuelekea Swima na kuniletea. Mimi nilibanika na kuuza sokoni. Watoto walikuwa wanakula na kwenda shule, na nyumba yetu ilikuwa na mabati.

Kiangazi kimoja akaanza kurudi amechelewa, macho mekundu, nywele zimelowa, samaki wachache. Nikimuuliza alikuwa wapi, ananijibu neno moja: "Ku mawe." Mawe yapo, kila mtu anayajua, ni miamba mikubwa inayoingia ziwani njiani kwenda Swima, na nyuma yake maji hutulia hata upepo wa kusini ukivuma. Vyombo vyote vilikuwa vinajificha pale. Lakini mwanamume hachelewi kila siku kwa sababu ya mawe. Nikajiambia, Swima kuna mwanamke.

Nikapanda chombo cha wauza mihogo, nikaenda Swima. Nilizunguka soko lao nikiuliza bei za vitu nisivyovitaka na kuangalia nyuso za wanawake. Mmoja alinitambua, akaniuliza natafuta nini. Nilipobabaika alicheka mpaka akaita wenzake waje kucheka naye. Nilirudi nimekasirika. Na njiani, tulipopita kwenye mawe, nikauona mtumbwi wetu unaelea peke yake, hauna mtu ndani. Nilipiga kelele. Ndipo kichwa cha mume wangu kikatokeza majini karibu na mtumbwi, akatema maji, akaniona nimesimama kwenye chombo cha mihogo.

"Weye unatafuta nini huku?"

"Nilikuya ku mukutano ya bamama," nikasema.

Alijua nadanganya. Alinivusha kwenye mtumbwi wetu, akaniambia niiname. "Angalia mu maji."

Maji ya ziwa letu ni maangavu. Siku isiyo na wimbi unaona chini kama unavyoona sakafu ya nyumba yako. Niliona jiwe bapa, na juu ya jiwe wingu dogo la vitu vinavyotikisika, na kuhe wawili, wale samaki wakubwa wa manjano, wanazunguka wingu lile bila kuliacha. Lile wingu lilikuwa watoto wao. Mume wangu akaniambia amewaangalia wiki tatu. "Baba na mama habakule kitu mupaka batoto bakomale," akasema. "Bananyauka tu vile." Nilikuwa nimekula kuhe tangu nilipoota meno, na sikuwahi kufikiria kwamba wana watoto.

Tukiwa bado tumeinama kikaja chombo cha abiria kutoka Nundu. Wakatupa nanga yao, na nanga ya kwetu siku zile ilikuwa jiwe lililofungwa kamba, zito la kubebwa na watu wawili. Likashuka. Upepo ukasukuma chombo, kamba ikakaza, jiwe likaanza kuburutwa chini. Mawe madogo yakapinduka, matope yakapanda, sikuona tena kitu. Maji yalipotakata wale kuhe wawili walikuwa mbali, na samaki wadogo wa kila aina walikuwa wamejaa pale kwenye jiwe bapa wanakula. Katika muda wa kumenya muhogo mmoja, wingu lile halikuwako.

"Kila siku," mume wangu akasema. "Bile byombo yote inatupa jiwe hapa. Na kisha banauliza kuhe ilienda wapi."

Nilimwamini. Niliyaona kwa macho yangu, na hata hivyo usiniulize ilinichukua siku ngapi kuacha kufikiria yule mwanamke wa Swima.

Alichotaka ni boya. Kalemie aliona meli zinafungwa kwenye boya bila kutupa nanga, akasema na sisi tutafanya hivyo. Alipata moteri iliyokufa ya kamiyo, yaani lori, chuma kitupu kizito, iliyokuwa imelala kwenye majani karibu na ghala la zamani la pamba. Akapata mnyororo, kamba nene ya nailoni, na pipa tupu la mafuta. Wanaume wanane waliisukuma ile moteri kwenye mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, wakaizamisha nyuma ya mawe, mahali alipopachagua mwenyewe kwa kupiga mbizi siku nyingi, kwenye mchanga mtupu ambapo hakuna kiota cha samaki. Pipa likaelea juu, limezibwa kwa lami, na pembeni lina pete ya chuma.

Aliyemsaidia katika hayo yote alikuwa rafiki yake, mwalimu wa shule. Walikuwa marafiki tangu wote wawili hawajavaa suruali ndefu. Mwalimu alikuwa na mwandiko mzuri, akaandika kwenye ubao masharti ya boya, na ubao ukapigiliwa kwenye mti pale ufukweni Baraka, mahali vyombo vinapoanzia. Nayakumbuka hata leo. Uje pole pole, pua ya chombo ikielekea upepo. Upitishe kamba yako mwenyewe kwenye pete, usifunge kwenye pipa wala kwenye kamba ya boya. Chombo kikubwa kimoja tu. Wadogo wanaweza kufungana nyuma yake. Upepo ukitulia ondoka, mwingine anangoja. Ukiona kamba imelika, sema. Na jiwe lako libaki ndani ya chombo.

Huyo mwalimu sikumpenda. Alikuwa na adabu, ananiita shemeki, anauliza watoto wanaendeleaje. Hilo la kuuliza ndilo lilinichoma. Alivaa abakosti yake, lile koti la watu wa Chama, iliyopigwa pasi, na kifuani alibandika ile picha ndogo ya mkuu wa nchi, na Chama kikitaka maneno makubwa yaandikwe ukutani kwa ajili ya sherehe, yeye ndiye aliitwa na brashi zake. Mtu wa namna hiyo anakuuliza watoto wanaendeleaje, kwa nini? Nikamwambia mume wangu, rafiki yako ni jicho la bureau, ile ofisi ya Chama. Akacheka. "Ni mwalimu. Kama anakataa kuandika, atakula nini?"

Na si mimi peke yangu niliyeshuku. Wavuvi walikataa kuamini kwamba mtu mzima anahangaika hivyo kwa ajili ya watoto wa samaki. Huko kwetu, wilaya ya Fizi, kuna dhahabu, kwa hiyo habari ikawa kwamba chini ya pipa kuna dhahabu. "Iko zahabu mule, ndiyo maana anaogeleaka kila siku," walisema, na vijana wawili walipiga mbizi kwenda kuangalia, wakakuta moteri. Wakarudi wakisema dhahabu imefichwa ndani ya moteri. Wengine walisema pipa ni alama ya kuwaonyesha wale wa milimani mahali pa kupokea vitu vya ng'ambo. Hayo waliyasema kwa sauti ya chini zaidi.

Lakini boya lilifanya kazi. Waliokuwa wakishuku walifunga vyombo vyao pale huku wanashuku. Msimu ukapita, na mume wangu akawa anarudi kuniambia amehesabu mawingu matano ya watoto wa kuhe, kisha saba. Alikuwa na furaha ya kitoto, nami niliipenda furaha hiyo, ingawa nilimwambia asiitangaze.

Kisha pipa likaibwa. Kamba ilikatwa kwa panga, safi. Pipa siku zile lilikuwa mali: la kuhifadhi maji, la kupikia pombe ya kindingi, la kupasua na kutengeneza mlango. Nilizunguka mji mzima nikichungulia viwanja vya watu, nikaona mapipa kumi na kila moja nililitambua kuwa letu. Mume wangu akatafuta pipa la pili kwa shida kubwa. Na hapo ndipo mimi nilipotoa akili yangu.

Nikasema: tulipake rangi ya Chama. Kijani chote, duara la manjano, na ule mkono ulioshika mwenge katikati. Nani Baraka nzima atathubutu kuiba mwenge? Mume wangu alipenda. Tukamwita mwalimu, kwa sababu yeye ndiye mwenye rangi na mkono wa kuchora.

Mwalimu akasema, "Shemeki, hiyo rangi haiko ya kuchezea."

Nilimwangalia usoni. Nikafikiri, huyu hataki pipa letu lilindwe. Huyu anamjua mwizi. Nikamwambia mbele ya mume wangu kwamba kama anaogopa kupaka mwenge wa Chama chake, basi tutatafuta mtu anayekipenda zaidi. Yalikuwa maneno mabaya kumwambia mtu miaka ile. Alirudi na makopo yake, akachuchumaa kwenye kiwanja chetu siku nzima, akapaka. Mwenge alioutengeneza ulikuwa mzuri kuliko ule wa ukuta wa bureau. Vidole vya ule mkono ulioushika viliweza kuhesabiwa.

Pipa halikuibwa. Hilo nilipata. Lakini pia hakuna mtu aliyefunga chombo pale.

Sikuwa nimefikiria hilo, na nadhani ni sisi tu watu wa wakati ule tungeweza kukosea namna hiyo. Nani angepitisha kamba kwenye ubavu wa Chama? Nani angegonga mwenge kwa pua ya mtumbwi mbele ya abiria ishirini, asijue ni yupi kati ya ishirini atakayekwenda kusema? Vyombo vilifika kwenye mawe, vikaliona pipa la kijani, vikazima moteri kwa heshima. Nahodha mmoja alivua kofia. Siku moja abiria wa chombo kimoja walianza kupiga makofi na kuimba wimbo wa sherehe, mmoja alianza na wengine wakaogopa kuwa wa mwisho kuanza. Wakimaliza heshima zao wanasogea pembeni, hatua kumi kutoka kwenye pipa, wanatupa jiwe. Juu ya mawe ya kuhe kabisa.

Mume wangu alikuwa anazunguka na mtumbwi wake akiwaomba. "Mufunge tu! Ni ya kufunga!" Walimwangalia kwa mashaka, wakaona mtu anayewatega. Nilimwambia tulikwangue. Akasema ndiyo, wiki ijayo, na wiki hiyo ikatupita, kwa sababu kukwangua mwenge nako kulihitaji ruhusa, na hatukujua ya nani.

Ndipo akapita mkubwa mmoja kutoka Uvira, kwenye chombo cha kasi cha serikali. Akaona pipa. Akaamuru wasogee. Huko ziwani kuna ndege weusi wanaopenda kukaa juu ya kitu chochote kinachoelea wakikausha mabawa, na hao walikuwa wamekaa kwenye pipa letu miezi minne, na walikuwa wamefanya yao juu ya mwenge mpaka moto wake umekuwa mweupe. Chini ya mwenge, kamba. Mkubwa akauliza: nani amelifunga taifa kamba, akalitupa majini, ndege walinyee?

Karatasi ya wito ya bureau ilifika siku iliyofuata. Mume wangu alivaa shati safi, akaniambia atarudi kabla chakula hakijapoa. Hakurudi siku hiyo wala ya pili.

Sikulia. Nilifanya kazi ninayoijua: nilitafuta ni nani aliyemsema. Sikuweza kukubali kwamba mkubwa alipita tu akaona. Lazima mtu alimpeleka pale. Niliacha kumsalimu jirani wa kulia kwa sababu alinipa pole mapema mno, na wa kushoto kwa sababu hakunipa pole. Kulikuwa na mtu mmoja wa Bibokoboko, kule milimani, aliyekuwa anashuka na siagi na maharagwe kubadilishana na ndagala zangu, dagaa wa ziwani, mtu mpole wa kanisani, na safari ile alichelewa kushuka. Nikamweka kwenye orodha. Lakini aliyekuwa juu ya orodha ni mwalimu. Hakuja nyumbani kwangu hata mara moja. Rafiki wa damu, siku tatu, asije kuuliza? Kila mchana nilipika bukari, ugali wetu, na samaki, nikapeleka hadi mlango wa bureau, nikampa polisi, na kila mchana nilimtafuta mwalimu kwa macho nisimwone. Nikasema, amejificha. Mwenye hatia hujificha.

Siku ya nne niliitwa mimi.

Mkuu wa pale alikuwa mtu wa sauti ndogo. Aliniwekea kiti mwenyewe. "Citoyenne, ikala kwanza," akasema. Raia wa kike: ndivyo tulivyoitwa sote, mama na binti. Nilikaa ncha ya kiti, nikashuku kiti. Hakupiga meza wala hakunitisha, na nataka hilo lijulikane, kwa sababu kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba alinitisha.

"Bwana yako iko anasema njo yeye alipaka ile pipa. Yeye peke yake." Akauliza: "Anajuwa kuchora?"

Mume wangu hakujua kuchora hata mbuzi.

"Ule mwenge ulifanywa na mutu anajuwa kazi," akasema. "Mi nataka tu kujua jina. Kama napata ile mutu, bwana yako anarudia ku nyumba. Kama haiko, kesho tunamupandisha Fizi, ku bakubwa, na huko mi sina tena neno."

Kulikuwa na jibu la kweli, na nililijua. Wazo lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyesema lipakwe, mimi ndiye niliyemchokoza mwenye brashi mpaka akaona aibu kukataa. Ningeweza kusema, ni miye. Niliwafikiria watoto, hiyo ni kweli, lakini hilo lilikuja baadaye kidogo. Kilichokuja kwanza ni sura ya mwalimu na ile picha kifuani kwake. Nikajiambia: amemuuza mume wangu, na sasa amekaa kwake ametulia. Nilisikia raha. Naiandika kwa sababu ni hivyo ilivyokuwa; nilisikia raha moyoni.

Nikasema, "Mwalimu."

Kesho yake asubuhi mume wangu alirudi, amekonda, ndevu zimeota. Mwalimu walikuwa wamemchukua kabla ya kengele ya shule, wakampandisha Fizi kwenye kamiyo.

Nilimwekea mume wangu maji ya kuoga, nikamwekea bukari. Alikula taratibu, kisha akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa siku zile.

"Mbona?"

"Chakula yako haikufikaka. Hata siku moja. Nilikula ya Mwalimu." Mwalimu, akaniambia, alikuwa anakuja kila siku saa sita kwa dirisha la nyuma, amebeba chakula chini ya abakosti, amewaambia walinzi kwamba yeye ni mdogo wake wa tumbo moja. Ndiyo maana hakuja kwetu, asije akaonekana anatoka nyumba moja na kuingia nyingine wakamuuliza maswali. "Na balinipiga ili niseme jina yake," mume wangu akasema. "Sikusema. Sasa nani alisema?"

Nilikuwa na sahani mkononi. "Mi sijui," nikasema. Halafu, kwa sababu aliendelea kuniangalia, nikaongeza: "Labda ule mutu wa Bibokoboko. Siku hizi hashukake tena."

Na mume wangu, ambaye hakuwahi kushuku mtu, akaanza kumfikiria mtu huyo. Mtu wa siagi aliposhuka wiki iliyofuata, mke wake alikuwa amejifungua ndiyo maana alichelewa, mume wangu hakumpa mkono. Alimgeuzia mgongo pale sokoni. Yule mtu alisimama na kibuyu chake, hajui amekosa nini.

Bureau iliamuru pipa likwanguliwe, na tulilikwangua. Tukalipaka lami, jeusi tupu, na chini ya juma moja vyombo vilianza kufungwa tena. Ni ajabu ilivyokuwa rahisi. Mume wangu alisimamia masharti yake kwa ukali ambao hakuwa nao zamani. Alipiga mbizi kila mwezi kuangalia mahali kamba inapopita kwenye mnyororo, na kila kiangazi aliibadilisha kabla haijalika. Nahodha akifunga vyombo viwili vikubwa kwa pamoja, alipelekwa mbali kwa matusi. Kuhe walirudi kwenye mawe, wakawa wengi kuliko mwanzo. Watu wa Nundu walikuja kuangalia, wakaenda kutengeneza boya lao. Walimsifu, naye aliwauliza kwanza wametumwa na nani.

Mwalimu alirudi baada ya wiki saba. Shule haikumchukua tena. Vidole viwili vya mkono wake wa kuume havikukunjika, na picha haikuwa kifuani. Alikuja kwetu mchana, mimi nikiwa nageuza samaki kwenye uchanja wa kubanikia. Mume wangu aliruka kutoka kwenye kiti, akafungua mikono. Mwalimu akabaki amesimama pale mlangoni mwa kiwanja.

"Balinambia ni weye njo ulinitaja," akasema. "Balinambia ulitoka asubuhi ile nilipoingia."

"Haiko miye!" mume wangu akasema. "Balinipiga, mi sikutaja mutu. Uliza hata mama batoto."

Wakageuka wote wawili, wakaniangalia.

Nilikuwa na kuhe mmoja mkononi, nimeshamgeuza. Nikamgeuza tena. Nikasema bila kuinua kichwa kwamba mambo ya bureau ni ya wanaume, mimi ni mtu wa samaki. Moshi ulikuwa mwingi, na nilijifanya ni moshi.

Mwalimu akasema, "Sawa, shemeki," akaondoka. Mume wangu alimfuata hadi barabarani akimwita kwa jina la utotoni. Hakugeuka. Jioni hiyo mume wangu hakula, na alipoanza kusema aliongea juu ya yule mkuu wa sauti ndogo, na majirani, na wavuvi, na wale wanane waliosukuma moteri, mmoja mmoja, akiuliza ni nani kati yao. Nami nilimsaidia. Nilimtajia sababu za huyu na za yule. Nilikuwa hodari katika kazi hiyo.

Mume wangu alijaribu mara nyingi kupatana naye. Alimpelekea mwalimu samaki, walirudishwa. Alimpelekea mchungaji wa kumsemea. Mwalimu alimsikiliza mchungaji, akamshukuru, basi. Walikuwa wanapishana ufukweni, wazee wawili sasa, kila mmoja akiangalia ziwa. Mara tatu au nne nilifungua mdomo kumwambia mume wangu ukweli. Kila mara nilishuku kwamba anaujua tayari, na kwamba ananyamaza ili anione nitafanya nini, na shuku hiyo ikanifunga.

Mume wangu alikufa kwa homa, nyumbani, akiulizia kamba ya boya kama imebadilishwa.

Siku ya kilio kiwanja kilijaa. Manahodha walikuja kutoka Swima na Nundu, wakaacha vyombo vyao ufukweni. Mwalimu alikuja pia. Hakuingia, alisimama ng'ambo ya barabara chini ya jua, kofia mkononi. Nikatoka katikati ya wanawake wanaolia, na kitambaa cha ufiwa kichwani, nikavuka barabara mbele ya watu wote.

Nikamwambia, "Haikuwa yeye. Ni miye njo nilikutaja. Yeye balimupiga na hakusema."

Nilingoja anitukane, ningefurahi.

"Sasa unaniambia miye," akasema. Akanyoosha ule mkono wenye vidole visivyokunjika, akauelekeza kwenye nyumba yangu, kwenye mlango ambao ndani yake mume wangu alikuwa amelazwa. "Ni ule mwenye kulala mule ndani njo alipaswa kusikia."

Kisha akavuka barabara, akaingia peke yake kumwangalia rafiki yake, na mimi nikabaki nje.